Wilhelm Löhe na Ufufuo wa Taratibu za Ibada

Katika mwaka wa 1844 kilipigwa chapa katika mji wa Nördlingen, nchi ya Bavaria, kitabu cha taratibu za ibada ambacho hakikukusudiwa kwanza kwa watu wa Bavaria. Mwenye kukitengeneza, Wilhelm Löhe, alikuwa mchungaji wa kijiji kidogo kiitwacho Neuendettelsau. Waliotengenezewa walikuwa Wajerumani waliohamia Marekani na kutawanyika katika misitu ya Ohio, Indiana na Michigan. Löhe aliwapelekea wahamiaji hao wachungaji, walimu, vitabu, na hata makundi ya walowezi waliokwenda kuanzisha vijiji vipya, lakini yeye mwenyewe hakuikanyaga Marekani hata siku moja. Jina la kitabu, likifasiriwa, ni Agenda kwa Sharika za Kikristo zenye Ungamo la Kilutheri. Kilitunukiwa Friedrich Wyneken, mchungaji wa Fort Wayne, ambaye kilio chake juu ya ukiwa wa wahamiaji wasiokuwa na kanisa wala mchungaji ndicho kilichomwamsha Löhe mwanzoni mwa miaka ya 1840.

Mhakiki anayekifungua kitabu hiki hupatwa na mashaka tangu ukurasa wa kwanza. Desturi ya uhakiki ni kuuliza mwandishi ameleta nini ambacho hakikuwako kabla yake. Löhe alijitahidi kwa nguvu zake zote asilete kitu kipya. Karibu kila sala aliyoiweka humo ilikuwa imekwisha kusaliwa na vinywa vingine miaka mia tatu, na pengine miaka elfu, kabla hajazaliwa. Alikusanya vitabu vya taratibu vya makanisa ya Kilutheri vya karne ya 16, akavilinganisha ukurasa kwa ukurasa, akatazama na taratibu za makanisa ya kale zaidi, za Mashariki na za Magharibi, kisha akachagua, akapanga, akaunganisha. Wako waliomhesabu kuwa mpenzi wa mavumbi ya maktaba, mtu aliyetaka kuwavika walio hai mavazi ya wafu. Wako na waliomtukuza kana kwamba alishushiwa kitabu kutoka mbinguni. Hukumu hizi mbili zina kosa moja: hazikitazami kitabu chenyewe.

Löhe alizaliwa tarehe 21 Februari 1808 katika mji wa Fürth, karibu na Nürnberg, katika nyumba ya wafanya biashara. Alisoma elimu ya dini katika chuo kikuu cha Erlangen, na kwa muda mfupi katika Berlin. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba mtu aliyekuja kuwa Mlutheri wa Walutheri aliwashwa moyo wake na Christian Krafft, ambaye hakuwa Mlutheri bali mchungaji wa kanisa la Kireformed katika Erlangen. Akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka wa 1831, akapelekwa kuwa msaidizi katika Kirchenlamitz, ambako mahubiri yake yalivuta watu wengi na kuwachukiza watawala wa mahali. Mwaka wa 1834 akaondolewa. Baada ya hapo aliomba usharika wa mjini mara kwa mara asipewe. Mwaka wa 1837 alipewa Neuendettelsau. Husimuliwa kwamba alipokuwa amepita hapo zamani alisema kuwa asingetaka kuwamo katika kijiji kile hata akiwa maiti. Akakaa humo miaka 35, akafa humo tarehe 2 Januari 1872, na kaburi lake limo humo. Mkewe, Helene, alifariki mwaka wa 1843, baada ya miaka sita tu ya ndoa, akamwachia watoto wanne wadogo. Löhe hakuoa tena. Agenda ilitoka katika mwaka uliofuata msiba huo, na kitabu chake kinachosomwa zaidi, Vitabu Vitatu juu ya Kanisa, kilitoka mwaka wa 1845. Katika kitabu hicho msomaji hukuta, kabla ya hoja yo yote ya elimu ya dini, maneno ya mtu aonyeshaye kuwa binadamu hakuumbiwa upweke, na kuwa ushirika wa watu wa Mungu haukatwi na kifo. Yamkini si haki kuyafasiri mawazo ya mtu kwa misiba yake peke yake. Lakini si haki pia kusahau ni nani aliyekuwa akiandika.

Ili kuelewa alichokifanya, hapana budi kujua hali ya ibada aliyoikuta. Luther alikuwa ameacha mifano miwili: utaratibu wa Kilatini wa mwaka wa 1523 na Misa ya Kijerumani ya mwaka wa 1526. Katika yote miwili mahubiri na Meza ya Bwana viliambatana katika ibada moja, na nyimbo za kale za misa zilibaki, nyingine katika Kilatini, nyingine zikigeuzwa kuwa tenzi za Kijerumani. Karne mbili baadaye jengo hilo lilikuwa limebomoka sehemu kubwa. Wachungaji wa wakati wa falsafa ya akili, mwishoni mwa karne ya 18, walilihesabu kanisa kuwa darasa la maadili. Mahubiri yalibaki, tena marefu; vitu vingine vyote vilikuwa kama ukumbi wa kupitia kwenda kwenye mahubiri. Meza ya Bwana iliandaliwa mara chache kwa mwaka, na ilipoandaliwa ilikuja kama nyongeza, wengi wakiwa wamekwisha kuondoka. Sala zenyewe zilibadilika namna yake. Zilirefuka, zikawa na mafafanuzi mengi; zilimweleza Mungu uzuri wa majira ya kuchipua na faida za wema, kana kwamba hakuwa na habari. Aliyekuwa akifundishwa ni mkutano, na Mungu alitajwa mwanzoni na mwishoni kwa ajili ya adabu.

Haikuwa Löhe aliyeanza kuliona pengo hilo. Mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Tatu, alikuwa ameliona, akalitengeneza kwa namna ya kifalme. Mwaka wa 1817 alitangaza muungano wa Walutheri na Wareformed katika nchi yake. Na tangu mwanzo wa miaka ya 1820 alitoa agenda aliyoshiriki kuitunga mwenyewe, akaitaka itumike kila mahali. Agenda ile haikuwa mbaya kwa kila jambo. Ilirudisha mengi ya zamani yaliyokuwa yametupwa. Ubaya wake ulikuwa katika mkono ulioileta. Wachungaji wa Silesia walioikataa walifungwa, askari walitumwa kufungua milango ya kanisa, na maelfu ya watu waliona heri kuvuka bahari, wengine wakienda Australia kuanzia mwaka wa 1838, wengine Marekani. Tangu hapo neno agenda lilikuwa na harufu ya polisi katika pua za Walutheri wengi. Kitabu cha Löhe kilikuja miaka michache tu baada ya hayo, nacho hakikuwa na mfalme nyuma yake. Hakikuwa na hata askofu. Kilikuwa na mchungaji wa kijiji, na wasomaji waliokaa katika vibanda vya magogo ng'ambo ya bahari, ambao hakuna aliyeweza kuwalazimisha. Kama sala hizo hazikuwafaa, wangekifunga kitabu basi.

Jambo hili lastahili kutiliwa mkazo, kwa sababu wapinzani wa Löhe walimshtaki mara nyingi kwamba alitaka kuwafunga watu kwa sheria za ibada. Maandishi yake hayasemi hivyo. Alishikilia fundisho la Ungamo la Augsburg la mwaka wa 1530, kwamba si lazima sherehe zilizowekwa na wanadamu ziwe namna moja kila mahali ili Kanisa liwe moja. Kanisa laweza kuishi bila ya liturgia, na Neno na Sakramenti hubaki zima hata zikivikwa matambara. Lakini kutokana na kweli hiyo wenzake walitoa neno moja, kwamba basi sherehe si kitu. Yeye alitoa jingine, kwamba basi sherehe ni tunda la hiari, na mtu huonekana katika mambo ya hiari kuliko ya lazima. Mwenye nyumba hawi na wajibu wa kumtandikia mgeni mkeka mzuri. Akimtandikia, ameonyesha anavyomthamini.

Sasa na litazamwe jengo lenyewe. Löhe aliilinganisha ibada kuu ya Jumapili na mlima wenye vilele viwili, kama Horebu na Sinai, kimoja kirefu kuliko kingine. Kilele cha kwanza ni mahubiri, cha pili ni Meza ya Bwana, nacho ndicho kirefu zaidi. Mkutano huanza chini kabisa, katika ungamo la dhambi. Hupanda kwa wimbo wa kuingia, kwa kuomba rehema, kwa utukufu wa malaika, kwa sala ya siku, kwa waraka na Injili na ukiri wa imani, mpaka hufika mahubirini. Hapo hupumzika. Kisha hushika njia tena kwa maombi ya Kanisa na sadaka, huinua mioyo katika dibaji ya shukrani, huimba wimbo wa maserafi, hufika mezani; na baada ya kula na kunywa hushuka polepole kwa wimbo wa mzee Simeoni na baraka, hurudi nyumbani.

Mfano huu umerudiwa na wengi hata umechakaa, na kwa hiyo ni rahisi kutoona ukali wake. Katika nchi ambapo mahubiri yalikuwa yote katika yote, mchungaji mmoja, tena mhubiri hodari kuliko wengi, alisema kuwa mahubiri ni kilele kifupi. Mtu asiyejua kuhubiri angesema hivyo, angedhaniwa kutafuta udhuru. Löhe alikuwa na haki ya kusema. Na kuna jambo jingine ndani ya mfano huo. Mlima haupandwi kwa kuruka. Kila sehemu ya utaratibu ina mahali pake kwa sababu ya iliyotangulia na inayofuata: wimbo wa utukufu hauna maana kabla ya kuomba rehema, na kuomba rehema hakuna maana kama hapakuungamwa kitu. Waliotunga ibada kabla yake waliziona sehemu hizi kama vyombo vilivyopangwa rafuni, kila kimoja kikiweza kuondolewa bila ya kuvidhuru vingine. Yeye aliziona kama hatua za miguu. Hapa ndipo mkusanyaji anapokuwa mtunzi, maana mwendo huo haukuwa umeandikwa katika agenda yo yote aliyoikopa. Aliusikia mwenyewe kwa kuzisoma nyingi pamoja.

Wanaelimu wa Kilutheri, tangu Melanchthon alipoandika Utetezi wa Ungamo la Augsburg mwaka wa 1531, walitofautisha yale ambayo Mungu humpa mtu na yale ambayo mtu humtolea Mungu. Wajerumani huiita ibada kwa neno lenye maana ya utumishi wa Mungu, na neno hilo laweza kusomwa pande zote mbili: Mungu atumikiaye au Mungu atumikiwaye. Neno la Kiswahili halina mlango huo wa pili. Ibada, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kazi ya mtumwa mbele ya bwana wake, basi. Msomaji wa Kiswahili hana budi kulikumbuka jambo hili anapomsoma Löhe, kwa kuwa sehemu kubwa ya anayoyaita ibada ni ile ambayo Bwana ndiye anayetumikia, na mtumwa ameketi akilishwa.

Lakini ustadi wake huonekana zaidi katika jambo dogo, yaani sala fupi ya siku, ambayo makanisa ya Magharibi huiita kolekta. Hii ni sala ya sentensi moja. Humwita Mungu, hutaja tendo lake au sifa yake moja, huomba kitu kimoja, hutaja kusudi la kukiomba, hufunga kwa jina la Kristo. Mtu aweza kuisema yote kwa pumzi mbili. Löhe alizipenda sala hizi kupita kiasi. Kabla ya Agenda alikuwa ametoa kitabu cha sala za watu binafsi, Mbegu za Sala, mwaka wa 1840, na humo pia waonekana upendo wake wa maneno machache. Alipozitia kolekta za kale katika kitabu chake hakuzitia maji. Hakuongeza vivumishi, hakueleza mafumbo, hakuingiza hisia za moyo wake. Kwa mtu wa wakati wa mapenzi ya hisia, wakati ambapo kila mshairi wa Kijerumani aliulilia mwezi, kujizuia huko kulikuwa nidhamu kubwa.

Kuna siri ya lugha hapa ambayo Mswahili anaweza kuiona upesi kuliko wengine. Nguvu ya kolekta imo katika kishazi kinachofuata jina la Mungu, kile kinachotaja tendo lake. Kijerumani cha kale cha kanisani kina njia ya kukiunga kishazi hicho na nafsi ya pili moja kwa moja, hata anayeambiwa hageuki kuwa anayesimuliwa. Kiswahili kinayo njia hiyo tena kwa neno moja: Ee Mungu uliyefanya jambo fulani, utujalie jambo fulani, ili tupate jambo fulani. Katika neno uliyefanya mna nafsi, mna wakati, mna kirejeshi, mna tendo. Sala haikatiki, na jicho la mwombaji haliondoki kwa Mungu likaenda kuutazama mkutano. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kolekta na zile sala ndefu za wakati wa falsafa. Katika zile za pili mwombaji anamsimulia Mungu mbele ya watu. Katika hii anamkumbusha Mungu habari zake mwenyewe, kisha anaomba kwa haki ya habari hizo. Löhe hakuandika maelezo ya sarufi juu ya jambo hili. Alilijua kwa sikio.

Kitabu kilichotungwa kwa ajili ya Marekani hakikukosa kutengeneza na kijiji alimoishi mtungaji. Löhe aliwazoesha watu wake, wengi wao wakulima na mafundi, kuungama mbele ya mchungaji mmoja mmoja kabla ya kuja mezani, desturi ambayo Luther aliithamini lakini ambayo ilikuwa imekufa karibu kila mahali. Mwaka wa 1854 alianzisha nyumba ya mashemasi wanawake, wasichana waliofundishwa kuwauguza wagonjwa na kuwatunza maskini, na maisha ya nyumba hiyo yalipangwa kwa sala za asubuhi na jioni zenye zaburi, kama zilivyokuwamo katika Agenda. Humo ibada na huduma hazikutenganishwa. Mikono iliyofunga vidonda ndiyo iliyodarizi vitambaa vya madhabahu; na Löhe aliandika kitabu kizima juu ya mapambo ya mahali patakatifu, akieleza rangi na vitambaa kwa uangalifu wa fundi. Wako wanaocheka wakisikia mwanaelimu wa dini akishughulika na pindo za kitambaa. Wangecheka kidogo zaidi kama wangekumbuka ni nani waliokuwa wakizishona, na walikuwa wametoka kufanya kazi gani.

Mashtaka yalikuja, na shtaka kubwa lilikuwa moja: kwamba Löhe anairudisha Roma kwa mlango wa nyuma. Bavaria ilikuwa nchi ya Wakatoliki wengi, na kwa ajabu ya sheria za wakati ule mfalme Mkatoliki ndiye aliyekuwa mkuu wa kanisa la Kiprotestanti katika nchi yake. Kwa hiyo hofu ya Roma haikuwa hofu ya vivuli. Mwaka wa 1856 wakuu wa kanisa la Bavaria, wakiongozwa na Adolf von Harless, walipotoa maagizo juu ya ungamo la faragha, nidhamu ya kanisa na utaratibu mpya wa ibada, watu wa miji, na hasa wa Nürnberg, waliwaka moto. Maombi ya kupinga yalipelekwa kwa mfalme Maximilian wa Pili, na wakuu wakalazimika kurudi nyuma katika mengi. Löhe hakuwa mwandishi wa maagizo yale, naye alikuwa na ugomvi wake na wakuu hao. Mwishoni mwa miaka ya 1840 alikaribia kabisa kulitoka kanisa la nchi yake, na mwaka wa 1860 alisimamishwa kazi kwa muda kwa kukataa kumfungisha ndoa mtu aliyekuwa ameachana na mkewe. Lakini waliyoyakataa watu wa Nürnberg yalikuwa ya jamii moja na yale ambayo watu wa Neuendettelsau waliyapokea. Tofauti ni kwamba huku yalikuja kwa mafundisho ya miaka mingi, mtu kwa mtu, na kule yalikuja kwa tangazo.

Lakini shtaka la Uroma, kwa namna lilivyosemwa, halina uzito. Löhe alilikataa wazi fundisho la misa kuwa dhabihu inayotolewa kwa ajili ya dhambi, na aliyetaka kuona aliweza kuona. Liko shtaka jingine, zito zaidi, ambalo wapinzani wake walilitaja mara chache. Ni hili: agenda yake haikupata kutumiwa kamwe, kwa ukamilifu wake, na kanisa lo lote la karne ya 16. Sala hii imetoka mji huu, kiitikio kile kimetoka mji ule, mpango umetoka pengine. Na vyote vikiunganishwa hutoa sura ya Kanisa la Kilutheri lililo kamili, zuri, lenye umoja, ambalo halikuwako. Wenyeji wa Nürnberg na wenyeji wa Wittenberg wa mwaka wa 1540 wangeziona humo sala zao wenyewe, lakini wasingelijua kanisa lao. Löhe aliamini kuwa mapatano ya vitabu vingi vya kale ni dalili ya kweli. Mara nyingi mapatano hayo yalitokana na jambo jepesi zaidi, yaani kwamba mji mmoja ulinakili kitabu cha mji mwingine. Hapa upendo wake kwa wazee ulimfunika macho. Alitafuta shahidi, akapata mwangwi.

Udhaifu wa pili ni wa namna nyingine. Löhe aliiweka kazi ya mchungaji mahali pa juu. Katika maandishi yake ya mwaka wa 1849 juu ya huduma za Agano Jipya alipinga mawazo ya Höfling, mwalimu wa Erlangen, aliyesema kuwa huduma ya mchungaji hutokana na ukuhani wa waamini wote. Kwa Löhe huduma hutoka kwa Kristo na kupokezanwa na wenye huduma. Hoja hizo hazina nafasi ya kuamuliwa hapa. Lakini zimeacha alama katika kitabu cha ibada. Mkutano katika Agenda huitikia sana, huimba sana, hujibu amina, hauanzishi jambo. Watu wa Neuendettelsau, waliokuwa na mchungaji kama huyo, pengine hawakuona upungufu. Walowezi wa Michigan, ambao siku nyingi hawakuwa na mchungaji kabisa, waliuona.

Na huko Marekani ndiko kitabu kilikopata majaribu yake. Mwaka wa 1845 kundi la kwanza la walowezi kutoka Franconia, wakiongozwa na mchungaji August Craemer, lilianzisha kijiji cha Frankenmuth katika Michigan. Kusudi la Löhe lilikuwa kubwa kuliko mashamba. Alitaka Wachippewa, wenyeji wa nchi ile, waione Injili katika usharika mzima ulio hai, wenye ibada yake na kazi yake, wala wasiisikie tu kwa mdomo wa mtu mmoja mpweke. Ni wazo zuri lililosahau jambo moja: usharika ule ulikuja na majembe, na nyuma yake walikuja wengine wenye majembe, na Wachippewa wakaondoka. Misheni ile ilikufa katika muda mfupi. Ibada nzuri iliimbwa katika msitu, na wale waliokusudiwa kuisikia hawakuwako.

Halafu likaja farakano. Watu wa Löhe walishiriki kuanzisha Sinodi ya Missouri mwaka wa 1847, lakini Sinodi hiyo ilishika juu ya huduma ya mchungaji fundisho lililopingana na lake. Mwaka wa 1851 wakuu wake wawili walivuka bahari wakaja kuzungumza naye: mmoja alikuwa C. F. W. Walther, wa pili alikuwa Wyneken, yule yule aliyetunukiwa Agenda. Walizungumza kwa upole, wakaagana kwa upendo. Mwaka wa 1853 kamba ikakatika. Mwaka uliofuata wafuasi wachache wa Löhe walikwenda magharibi wakaanzisha Sinodi ya Iowa, na humo kitabu chake kikapata makao.

Katika Afrika Mashariki jina la Löhe si geni kabisa kwa wanafunzi wa historia ya Kanisa. Mwaka wa 1886 kiliundwa katika Bavaria chama cha misheni ya Kilutheri kwa ajili ya Afrika Mashariki, na watu wake walifanya kazi nyuma ya Mombasa na katika Ukamba, mpaka kazi hiyo ilipokabidhiwa kwa Misheni ya Leipzig, ambayo mwaka wa 1893 ilianza kazi penye Kilimanjaro. Misheni hizi zilikuwa watoto wa uamsho ule ule wa Walutheri wa karne ya 19 ambao Löhe alikuwa mmoja wa wazee wake. Hata hivyo si haki kudai kuwa usharika wa Uchagani uimbao wimbo wa rehema na wimbo wa utukufu kwa Kiswahili umeupokea kutoka mkononi mwake. Maji hayo yamepita katika mifereji mingi. Lililo hakika ni kwamba bila ya watu wa kizazi chake, yeye pamoja na wenziwe kama Theodor Kliefoth wa Mecklenburg, wamisionari wa Kijerumani wangeleta mahubiri, tenzi, na mambo machache zaidi ya hayo.

Löhe aliitoa Agenda yake kwa mara ya pili, ikiwa imepanuliwa sana, katika miaka ya 1850. Toleo hilo ni tajiri kuliko la kwanza, na kwa sababu hiyo ni gumu zaidi kutumia. Mtungaji alizidi kupata mali, akashindwa kuacha kuionyesha; mchungaji anayetafuta sala moja hukuta nne. Mwenye haja ya kumjua Löhe msomi na asome la pili. Mwenye kutaka kuona kitabu kilivyofanya kazi na asome la mwaka wa 1844, ambalo lina wembamba wa kitu kilichofungashwa kwa safari. Baada ya kufa kwake, Johannes Deinzer, aliyeandika pia habari za maisha yake, alitoa toleo la tatu mwaka wa 1884. Miaka minne baadaye sinodi kadhaa za Marekani zilipatana juu ya Ibada ya Pamoja katika Kiingereza, iliyojengwa juu ya kanuni ile ile ya kufuata mapatano ya agenda za karne ya 16, pamoja na ubora wa kanuni hiyo na udhaifu wake. Na mwaka wa 1902 Agenda yenyewe ilitolewa Marekani katika Kiingereza, kwa ajili ya watoto na wajukuu wa wale wahamiaji, ambao Kijerumani kilikuwa kimeanza kuwapotea. Sala ambazo Löhe aliogopa kuzigeuza hata neno moja ziligeuzwa humo maneno yote, na mpango wake wa kupanda na kushuka ukabaki kama alivyouacha.